Umeitwa polisi kwa kosa la mtandao hapa Dar? Jinsi ya kupata utetezi wa kisheria, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale. "Nimepigiwa simu nifike Oysterbay, niende?" "Wamechukua simu ya mdogo wangu, tulifute grupu?" "Wakili ni shilingi ngapi?" "Nikikubali kosa si wataniachia?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam ambaye kituo cha polisi anakijua kwa kwenda kuchukua RB (namba ya taarifa polisi) ya simu iliyoibwa, basi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kukufikisha kwa wakili ukiwa hujajiharibia.

Naomba uelewe jambo moja mapema. Kesi nyingi za mtandao nilizoziona zilikuwa zimeshaharibika kabla ya hakimu kuziona. Ziliharibika kituoni, saa chache za kwanza, kwa mdomo na kwa saini ya mtuhumiwa mwenyewe. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye hatua za mwanzo. Zile za mwisho nitazipita haraka, maana huko utakuwa na mtu wa kukusemea.

Sheria yenyewe, kwa ufupi sana

Mashtaka mengi hutoka kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015. Kwa namba za sheria ilivyotungwa, kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo na cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Vyote viwili vina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Vipo pia vya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, kughushi, udanganyifu, kujifanya mtu mwingine, na picha za ngono. Soma tena hilo neno "isiyopungua". Hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo kwa sababu umelia au una watoto wadogo.

Sheria za nchi zimetolewa upya katika Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, ambalo limeanza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu kwenye baadhi ya sheria zimehama. Ukimwandikia wakili, nakili namba kama ilivyo kwenye karatasi uliyopewa, usiende kuibadilisha kwa ulichosoma mahali.

Na hili ndilo la kushika: makosa mengi haya yanadai Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe kwamba ulijua au ulikusudia. Kifungu cha 16 hakisemi tu "taarifa ilikuwa ya uongo", kinataka iwe ulijua ni ya uongo na ukawa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha. Cha 23 kinataka nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu. Utetezi mwingi unakaa hapo. Pa pili unapokaa ni kwenye swali la nani hasa alikuwa ameshika simu.

Andaa hivi kabla ya kitu kingine

- Kitambulisho cha NIDA au namba yako ya NIDA, na nakala mbili.
- Namba za simu za watu watatu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Simu yako itachukuliwa, na siku hizi hakuna anayekumbuka hata namba ya mke wake.
- Wadhamini wawili wenye vitambulisho, makazi yanayojulikana, na barua ya utambulisho ya Serikali ya Mtaa. Barua hii waifuate mapema. Ofisi ya mtaa haifunguliwi Ijumaa usiku kwa sababu wewe umekamatwa.
- IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako (bonyeza *#06#), na orodha ya laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako (bonyeza *106#). Ziandike.
- Daftari dogo na kalamu.
- Dawa, kama unatumia dawa kila siku, pamoja na cheti chake.
- Pesa kidogo ya nauli na ya kumwona wakili kwa mara ya kwanza.

Hiyo *106# usiipuuze. Unasimama kwa kijana wa laini pale Mbagala Rangi Tatu, unaweka kidole, anakuambia "bado haijasoma, weka tena," unaweka tena, na jina lako limeshabeba laini mbili. Ya pili inaenda kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiona laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe usajili, na uchukue uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Kama umeshaitwa polisi, usiifute bado. Mwoneshe wakili kwanza, maana hiyo laini sasa ni ushahidi.

Hatua ya 1: Hakikisha wito ni wa kweli

Mtu akikupigia na kujitambulisha kuwa askari, uliza kwa adabu: jina lake, cheo, kituo, namba ya RB au ya jalada, na unaitwa kama mtuhumiwa au kama shahidi. Andika. Askari wa kweli anaweza kukujibu kwa ukali, lakini atakuambia kituo. Tapeli atakuambia tuma kitu kidogo kwanza jalada lisiende mbele. Hakuna jalada linalofungwa kwa kutuma pesa kwenye laini ya mtu. Namba ya tapeli itume 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti meseji za utapeli.

Wito ukiwa wa kweli, usijifiche. Kumkwepa mpelelezi wiki mbili kunampa sababu ya kuja kukukamata alfajiri, na baadaye kunampa wakili wa Serikali sababu ya kupinga dhamana yako. Sema: "Sawa afande, nitafika na wakili wangu kesho saa tatu asubuhi." Kisha fika kweli.

Hatua ya 2: Usifute kitu

Najua mkono unawasha. Usifute posti, usitoke kwenye grupu, usirudishe simu kiwandani, usivunje laini. Kifungu cha 22 cha sheria ileile kinasema kuharibu, kufuta au kubadilisha data kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa linalojitegemea, faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Watu huingia kituoni na kosa dhaifu la posti, wakatoka na kosa imara la kufuta posti. Zaidi ya hapo, mlalamikaji alishapiga skrinshoti zamani. Unachofuta mara nyingi ni sehemu ya mazungumzo iliyokuwa inakutetea.

Badala yake hifadhi. Piga skrinshoti mazungumzo yote, kuanzia juu kabisa, yenye tarehe na namba zikionekana, si ile meseji moja tu. Mpe ndugu nakala. Na usibandike chochote kuhusu kesi: si stetasi, si "watu wabaya hawaishi", si mstari wa dini wenye fumbo.

Hatua ya 3: Tafuta wakili kabla hujakanyaga kituoni

Mawakili wamejaa mjini, hasa Posta, Kisutu na Kinondoni. Shida ni vishoka, yaani mawakili feki. Mtu mwenye suti na bahasha ya kaki anayekufuata nje ya mahakama akikuita "bosi, kesi gani?" mwache aendelee na safari yake. Fanya hivi:

a) Uliza jina kamili na namba yake ya uwakili, kisha mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Utaona kama ameandikishwa na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Leseni huhuishwa kila mwaka, hivyo mtu aliyekuwa wakili miaka mitano iliyopita si lazima awe anaruhusiwa leo.

b) Muulize moja kwa moja: "Umewahi kusimamia kesi ya ushahidi wa kielektroniki?" Wakili hodari wa mirathi anaweza kukuangusha kwenye kesi ya simu. Akianza kukueleza simu ilikamatwaje, nani aliitunza na nani aliifungua, umepata mtu.

c) Elewaneni ada kwa maandishi, na kwa hatua: kusindikizwa kituoni, dhamana, usikilizwaji hadi hukumu, rufaa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wakili anayekuhakikishia ushindi, au anayedai fungu la "kumpelekea hakimu", mkimbie.

Huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. Hapa Dar anza na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), au Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanawake wanaweza pia kwenda WLAC na TAWLA. Kama wewe ni mwandishi wa habari au mtetezi wa haki na umeshitakiwa kwa sababu ya kazi hiyo, wapo Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC). Nenda asubuhi, nenda na karatasi zote, na useme ukweli kuhusu kipato chako. Kama umeshafikishwa mahakamani bila wakili, mwambie hakimu waziwazi kwamba huna uwezo na unaomba msaada wa kisheria. Sheria inampa nafasi ya kulishughulikia hilo endapo haki inadai.

Sisi wasaidizi wa kisheria tunaweza kukuelekeza, kukuandikia barua na kumfuatilia ndugu yako kituoni. Kusimama mahakamani kwa niaba yako haturuhusiwi. Msaidizi anayekuambia anaweza, naye ni kishoka.

Hatua ya 4: Kituoni, dakika za kwanza

Andika saa uliyokamatwa au kufika. Si kwa urasimu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari muda wa saa 4 za kukuhoji tangu uwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Muda wa kumsubiri wakili hauhesabiwi ndani ya hizo saa, kwa hiyo mtu asikuambie wakili wako "anachelewesha sheria".

Uliza unatuhumiwa kosa gani. Kisha sema maneno haya, kwa sauti ya kawaida:

"Habari za kazi, afande. Jina langu ni fulani, naishi Tandika. Nitatoa ushirikiano wote. Maswali ya kosa nitayajibu wakili wangu akiwepo. Naomba nimpigie yeye na ndugu yangu mmoja."

Hiyo ni haki yako kisheria: kutolazimika kujibu, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Jina, umri na anwani toa. Usibishane, usipaze sauti, usimtajie mjomba wako mkubwa serikalini. Kutaja mkubwa kunamkasirisha askari na hakukusaidii chochote, hata kama mjomba yupo kweli.

Kuna wakati mpelelezi atakuwa mpole sana. Atakuletea maji, atakuita mdogo wangu, atasema "hii ni ndogo, eleza tu tuimalize hapa." Huenda ni mtu mwema kweli. Kunywa maji, mshukuru, na rudia sentensi yako.

Hatua ya 5: Maelezo ya onyo

Haya ni maelezo yako yanayoandikwa na polisi baada ya kukuonya kwamba yanaweza kutumika kama ushahidi. Hapa ndipo pa kukaza macho. Askari huandika kwa maneno yake, wewe unasaini kana kwamba ni yako. Chukua mfano. Kijana anasema: "Ile meseji imetoka kwenye simu yangu, ila siku hiyo simu ilikuwa kwa fundi Kariakoo." Kwenye karatasi panaandikwa: "Ni kweli nilituma meseji hiyo kwa simu yangu, ambayo huwa naipeleka kwa fundi Kariakoo." Maneno karibu yote yapo. Kilichobadilika ni kwamba sasa amekiri.

Kwa hiyo:

1. Dai kusoma mwenyewe kabla ya kusaini. Kama husomi vizuri, dai usomewe mbele ya ndugu au wakili.
2. Soma neno kwa neno, ukitafuta haya: "nilituma", "nilijua", "nilikusudia", "nakiri". Kila moja ujiulize, nimelisema hili?
3. Penye kosa, una haki ya kusahihisha. Kata mstari mmoja juu ya maneno yasiyo yako, andika yaliyo sahihi juu yake, weka saini ndogo pembeni.
4. Angalia saa ya kuanza na ya kumaliza iliyoandikwa. Ikiwa si ya kweli, isahihishe pia.
5. Nafasi tupu chini ya ukurasa piga mstari.
6. Ukikataliwa kusahihisha, usisaini. Mwambie wakili siku hiyohiyo, na uandike kwenye daftari lako nani alikataa.

Unaweza pia kuomba kuandika maelezo yako kwa mkono wako. Lakini subiri wakili. Mtu mwenye hofu huandika kurasa tatu pale mistari mitano ingetosha.

Hatua ya 6: Simu, kompyuta na maneno ya siri

Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, mkuu wa kituo anaweza kutoa amri ya kupekua na kukamata vifaa. Si lazima iwe hati ya hakimu, jambo ambalo wengi hawalijui na huanza kuwafokea askari mlangoni. Omba kuiona amri, isome, andika jina la aliyeitoa. Usizuie mlango kwa mwili.

Wakichukua kifaa, dai hati ya kukamata mali yenye saini yako, ya askari na ya shahidi. Ikiandikwa "simu moja nyeusi" tu, omba waongeze aina, IMEI, laini zilizomo, kadi ya kumbukumbu, na kama kioo kimepasuka. Wakili wako ataitegemea hati hiyo siku atakapouliza: simu iliyokamatwa Mei, ndiyo hii iliyoletwa mahakamani Novemba? Ilikaa kwa nani katikati?

Maneno ya siri huwa swali gumu. Ushauri wangu: usitoe kwa mdomo kwenye korido, usidanganye kwamba umesahau, na usimpe mtu simu ikiwa imefunguliwa ili "aangalie kidogo". Omba amri ya maandishi na wakili aione. Amri halali ikishatolewa, kukataa kuitii nako kunaweza kuwa kosa, na uamuzi huo ufanye na wakili, si peke yako.

Hatua ya 7: Dhamana ya polisi

Dhamana ni bure. Imebandikwa ukutani kwenye vituo vingi, ingawa karatasi yenyewe wakati mwingine imefunikwa na kalenda. Wadhamini waje na vitambulisho na barua zao, wasaini fomu, nawe upewe tarehe ya kuripoti. Ripoti kila tarehe, hata ukiambiwa "mpelelezi hayupo, rudi". Andika kwenye daftari kwamba ulifika na nani alikupokea.

Ukiombwa pesa ili upewe dhamana, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Hatua ya 8: Mwambie wakili ukweli wote

Yote. Pamoja na lile la aibu. Mlalamikaji ni mpenzi wako wa zamani? Uliwahi kumtumia pesa? Ulikuwa umelewa? Simu hiyo hushikwa pia na mkeo na mtoto wa kidato cha pili? Wakili anayeshangazwa mahakamani hawezi kukusaidia, na anayoyasikia kwako analazimika kuyatunza siri.

Mwandikie mtiririko wa tarehe: nini kilitokea, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo. Ongeza majina ya mashahidi, risiti ya fundi, tiketi ya basi kama ulikuwa safarini, taarifa za miamala. Ushahidi wa kielektroniki hupimwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na mahakama huangalia data ilitengenezwaje, ilitunzwaje na mtumaji alitambuliwaje. Skrinshoti iliyochapishwa steshenari, bila simu iliyoipiga na bila maelezo ya aliyeitunza, inaweza kushambuliwa. Lakini ni wakili ndiye ataishambulia, na kwa wakati wake. Usianze kumtambia mpelelezi kwamba "hiyo skrinshoti haina nguvu". Utampa muda wa kwenda kuziba pengo.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza mahakamani

Inaweza kuwa Kisutu, Kinondoni au kwingine kulingana na wilaya. Fika saa mbili asubuhi, vaa kwa heshima, zima simu. Hakimu ni "Mheshimiwa". Utasomewa mashtaka, na lazima iwe kwa lugha unayoielewa.

Ukiulizwa ni kweli au si kweli, na hujazungumza na wakili, jibu "si kweli". Wapo wanaodhani kukiri kunamaliza mambo mchana huohuo. Kunamaliza, ndiyo: unatiwa hatiani, kile kima cha chini kinakungoja, na aliyekiri mwenyewe hukata rufaa kuhusu adhabu tu, si kuhusu kutiwa hatiani. Kama kukiri kuna maana katika kesi yako, tangu 2019 upo utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP). Wakili aende akajadiliane huko, ipatikane karatasi.

Dhamana ya mahakama huwa na masharti mazito kuliko ya polisi: fungu la dhamana la kiasi fulani, wadhamini wawili, mara nyingine mmoja awe mtumishi wa umma. Kosa likihusu fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10, sheria inadai nusu ya thamani iwekwe, taslimu au kwa hati ya mali. Na jihadhari na jambo hili kwenye kesi za kuhamisha fedha: likiongezwa shtaka la utakatishaji fedha, dhamana haipo. Ni gereza la Keko au Segerea hadi kesi iishe au shtaka liondolewe. Ndiyo maana mtu aliyeazima laini yake kwa rafiki wa kupokelea "hela ya biashara" anapaswa kumtafuta wakili mapema zaidi kuliko mtu aliyetukana kwenye grupu.

Hatua ya 10: Kesi ikiendelea

Mtazoea msamiati: kutajwa, upelelezi haujakamilika, kuahirishwa, hoja za awali (kikao cha kutenga yasiyo na ubishi), kesi ya kujibu (hakimu anapoona unapaswa kujitetea). Hudhuria kila tarehe. Omba kupitia wakili nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Kwenye hoja za awali kuwa makini na unachokubali kuwa hakina ubishi, maana hakitahitaji kuthibitishwa tena. Kukubali kwamba namba ni yako ni jambo moja, na kukubali kwamba ulituma ni jambo lingine kabisa.

Makosa ninayoyaona sana

Kumpigia mlalamikaji kumwomba msamaha. Simu inarekodiwa, na msamaha wako unageuka kukiri au kumtisha shahidi. Kama mnataka kupatana, wakili au wazee waende, iandikwe, na mjue kwamba kesi ni ya Jamhuri. Mlalamikaji akisema amesamehe, jalada halifungwi lenyewe.

Kujiona salama kwa sababu "mimi nilifowadi tu". Uliyefowadi nawe umechapisha. Tofauti yako na mwandishi wa kwanza ni kwenye kujua na kukusudia, na hiyo inahitaji kutetewa.

Mama kwenda kituoni kumtetea mwanawe na kusema "jamani mwanangu huwa anafanya haya mambo kwa utoto". Mama mpendwa, kaa nje, mpigie wakili.

Kumpa fundi simu aifungue na kuisafisha kabla ya kuipeleka polisi. Rudi hatua ya 2.

Mambo yakikwama

*Ndugu amekamatwa na hatujui yuko kituo gani.* Anzeni kituo cha karibu na alipokamatiwa, kisha kile kikubwa cha mkoa wa kipolisi: Oysterbay kwa Kinondoni, Chang'ombe kwa Temeke, halafu Kituo Kikuu. Nendeni wawili, mkiwa na picha yake na jina lililo kwenye NIDA, si jina la mtaani.

*Saa 24 zimepita, hajapelekwa mahakamani wala hajapewa dhamana.* Wakili aandike barua kwa mkuu wa kituo, nakala kwa kamanda wa mkoa wa kipolisi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Isipojibiwa, anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu ili mtu huyo aletwe mbele yake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko.

*Alipigwa ili asaini.* Fomu namba 3 ya polisi (PF3) na hospitali siku hiyohiyo anapotoka, picha za majeraha zenye tarehe. Akifikishwa mahakamani amwambie hakimu mara ya kwanza kabisa anapopewa nafasi. Akikaa miezi sita ndipo aseme, ataonekana amejitungia.

*DPP ameiondoa kesi, kisha nimekamatwa tena mlangoni.* Inatokea, na sheria inairuhusu kwa masharti: uwepo ushahidi wa kutosha na kesi iwe tayari kusikilizwa. Kuondolewa kwa namna hiyo si kuachiwa huru. Ndiyo maana siku ya uamuzi wowote wadhamini wako wawepo mahakamani wakiwa na barua zao mfukoni.

*Wakili hapokei simu, tarehe zinapita.* Mwandikie meseji ya kueleweka, taja tarehe ya kesi. Asipojibu, una haki ya kubadilisha wakili na kurudishiwa karatasi zako. Amekula ada na kutoweka? Peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, ukiwa na mkataba na risiti. Hapa ndipo ile EFD inapokuwa na kazi.

*Nimetiwa hatiani.* Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, haipiti mkononi mwa karani wala askari. Kama mnakata rufaa kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 45. Muda unaosubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi, lakini uwe umeziomba kwa barua. Andika barua hiyo siku ya hukumu, kabla hujatoka kwenye uzio wa mahakama.